Hapa Palikuwa na Nyumba

Matembezi ya kihistoria ya Kariakoo, Dar es Salaam, yana sifa adimu: mgeni hulipia kuona kisichokuwepo. Mwongozaji husimama mbele ya ghorofa la vioo, husogea kupisha mkokoteni wa marobota, kisha hueleza baraza, ukumbi wa katikati na uani wa nyumba iliyobomolewa, vyote vikiwa vimelala chini ya duka la mapazia. Si kwamba mtaa huu hauna la kujivunia. Chama cha TANU kilizaliwa humu mwaka 1954, na soko kuu lenye miavuli ya zege lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli.

Wapo watakaosema mji lazima ukue, na mwenye kiwanja ana haki ya kuuza. Kweli kabisa, baraza halilipi ada ya shule. Lakini mbona hoja hiyo huchoka ikifika ufukweni? Kanisa la Azania Front na Hospitali ya Ocean Road, kazi za Wajerumani, zinasimama na heshima zao zote, na hakuna anayeziita kikwazo cha maendeleo. Yaani alichojenga mtawala ni urithi, alichojenga mtawaliwa ni kiwanja. Wengine hudai matembezi yenyewe ndiyo yataokoa nyumba zilizobaki. Labda, ila wageni huja na kamera, dalali huja na fedha taslimu. Mwongozaji hana haja ya kuhofia kibarua chake: kila nyumba ikibomolewa, anapata kituo kipya cha kusimama na kusimulia.