Hayawahusu

Babu hakuwa mtu wa kugombana. Akiwa na neno na mtu, alifuga mbwa.

Kule kihambani Marangu, mpaka wetu na mzee jirani ulikuwa mstari wa masale, na mzee jirani alishikilia kwamba masale yale yalikuwa yakitembea usiku, hatua moja kila masika, kuelekea kwake. Kwa Wachaga jani la sale ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa, kukataa ni mwiko. Mpaka mzima, basi, ulijaa msamaha, na hakuna aliyechuma hata jani. Badala yake babu alileta mtoto wa mbwa kutoka Himo, mwekundu, sikio moja limelala, akamwita Hayawahusu. Haukupita mwezi, ng'ambo ya masale akaanza kuitwa mbwa jike, kwa sauti ya mnadani: Tunajua Yote.

Tangu hapo wazee hawakusalimiana tena, ila kuzungumza walizungumza kila jioni.

"Hayawahusu! Hayawahusu, njoo ule!" babu aliita, mbwa mwenyewe amelala juu ya miguu yake.

"Tunajua Yote!" ng'ambo ikajibu.

Bibi, mwanakwaya wa Kilutheri asiyependa makelele, aligeuza ndizi motoni na kuguna.

Kisa kilikolea siku ya chanjo. Tangazo lilisomwa kanisani: kila mwenye mbwa amlete uwanja wa shule. Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hana kupona. Ndiyo maana babu, aliyegoma kupanga foleni ya sukari miaka ya 1980, hii aliipanga. Kazi ya kumfikisha mbwa ilikuwa yangu. Mbwa wa kihambani hajui kamba. Nilimfunga kamba ya mgomba, akakaa chini, nikamburuta hadi barabarani. Hapo akamwona paka, naye akaniburuta hadi shuleni. Nilifika kwanza kuliko wengi, kaptula ikiwa vipande viwili.

Uwanjani palikuwa na mbwa wa kila rangi, na mbuzi mmoja, kaletwa na mama ambaye hakutaka kupitwa na kitu cha bure. Bwana mifugo alikuwa kijana mgeni, mwenye daftari na kisanduku cha barafu.

"Shikamoo, mzee. Jina la mbwa?"

"Marahaba. Hayawahusu."

Kijana akatabasamu kidogo. "Mzee, ni la kuandika kwenye kadi tu."

"Andika. Hayawahusu."

"Serikali ndiyo inauliza, mzee."

"Na serikali nayo nimeijibu!"

Nikajaribu kuokoa jahazi. "Kaka, kweli, Hayawahusu," nikasema, nikatazamwa kama mtoto aliyekosa malezi. Kijana akafunga daftari, akamgeukia aliyefuata.

"Na wewe mzee, mbwa wako?"

"Tunajua Yote," akasema mzee jirani.

Kalamu ikawekwa chini. Foleni ilicheka hadi mbwa wakaanza kubweka. Ilibidi mzee jirani, ambaye hakuwa amelitaja jina la babu kwa mdomo wake kwa muda mrefu, asimame kuwa shahidi. "Mwanangu, huyu mzee ana mengi, lakini hapa hasemi uongo. Hilo ndilo jina la mbwa. Mimi naitiwa hilo dirishani kila siku, nikiwa nakula."

Sindano zikachomwa, kadi zikaandikwa. Wazee walirudi njia moja, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakimlaumu bwana mifugo kwa zamu.

Mbwa ndio waliomaliza siasa. Tunajua Yote alizaa watoto wanne, wawili kati yao sikio moja limelala, na hapo hata babu hakuweza kusema hayawahusu. Wazee wakaanza kubishana nani awape majina. Bibi hakusubiri. Alimchukua mmoja, akamwita Mungu Anawaona, na jioni hiyo akaenda kusimama katikati ya masale, akavuta pumzi ya kwaya, akamwita ale.