Kwa Heshima na Masizi: Barua ya Wazi kwa EPRA

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA),
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: SHUKRANI ZA WAVUVI KWA BARABARA, RELI NA KUPAMBANA NA UHALIFU

Pokea salamu kutoka ufuoni mwa Ziwa Victoria, Mbita, kaunti ya Homa Bay, pamoja na za wenzetu wa Karungu na Muhuru kule Migori. Wamenituma niandike mimi kwa sababu eti ndiye niliyesoma. (Nilifika kidato cha nne. Ufuoni hicho ni cheo.)

Tunajua mna kazi nyingi. Kila tarehe 14 ya mwezi mnatutangazia tutanunua petroli, dizeli na mafuta taa kwa bei gani hadi tarehe 14 nyingine. Tangazo hilo huku tunalisubiri kuliko hotuba ya rais, maana hotuba haijawahi kubadilisha bei ya gorogoro la omena kesho yake asubuhi. Mnataja mji mmoja baada ya mwingine, nasi tunasikiliza Mombasa ikipata nafuu kuliko wote, kisha mafuta yanaanza safari ya kuja bara, yakipanda bei njiani, hadi yanatufikia sisi wa mwisho wa foleni. Hilo hatulalamikii. Bahari haikuombwa ihamie Nyanza.

Tulichokaa tukakiona si adabu ni kupokea wema wenu miaka yote hii bila kusema ahsante. Nianze na barabara.

Katika kila lita ya petroli tunayotia kwenye injini za mashua zetu mna ushuru wa matengenezo ya barabara. Ulikuwa shilingi 18. Julai 2024 ukapanda hadi 25. Tunaukumbuka mwezi huo kwa sababu wiki chache tu nyuma vijana walikuwa wamejaa mitaani hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa, nasi tukadhani habari ya kupandisha ushuru imelala kidogo. Haikulala. Basi mashua itokayo Mbita kwenda Mfangano inachangia shilingi 25 kwa lita ili barabara yake itengenezwe. Tumeikagua barabara hiyo kwa makini na tunaleta ripoti: haina mashimo, haina matuta, haina polisi wa kuomba chai. Lami yake ni ya buluu asubuhi na ya kijivu jioni, na upepo ukiichafua usiku inajikarabati yenyewe bila mkandarasi. Kizuizi pekee ni magugu maji, na hayo tunayasukuma kwa makasia, bila zabuni.

Kijana wa bodaboda pale Rongo analipa shilingi hizo hizo, lakini yeye angalau hulitambua shimo analolilipia.

Halafu kuna reli. Ndiyo, katika orodha ya tozo zinazojenga bei ya mafuta mna ushuru wa ustawishaji wa reli. Tunashukuru sana. Reli ya kisasa ilifika Suswa mwaka 2019 ikapumzika. Kaunti za Homa Bay na Migori hazina hata ile reli ya mkoloni, na hata siku treni mpya itakapofika Kisumu, sisi tutaipungia mkono kutoka ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Upo pia ushuru wa meli za biashara. Huo ni mdogo na hatuutetei wala kuupinga. Tunauliza tu kama sese ya mbao yenye watu wanne na wavu mmoja inahesabiwa kuwa meli ya biashara, ili tuanze kuvaa sare.

Lakini shukrani yetu kubwa, Bwana Mkurugenzi, ni ya mafuta taa.

Wasiotujua wanafaa waelezwe kwanza. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Tunatega taa juu ya maji, wadudu wanafuata mwanga, omena wanafuata wadudu, nasi tunafuata omena. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, yenye kupigwa pampu na kuvuma usiku kucha. Ungesimama kilima cha Gembe usiku wa namna hiyo, ziwa lingekuonyesha mji mkubwa kuliko Homa Bay. Na mji mzima huo uliwashwa kwa mafuta taa, lita baada ya lita, ambayo yalilipwa kabla mvuvi hajajua kama atapata samaki.

Sasa, hadi mwaka 2018 mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli. Wafanyabiashara fulani, ambao hawavui omena, waliliona pengo hilo. Wakawa wanachanganya mafuta taa na dizeli, wanauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli, injini za watu zinakufa na Hazina inakosa pesa. Wizi wa wazi. Serikali ikaamka, na Sheria ya Fedha ya 2018 ikaleta dawa: ushuru wa kuzuia uchakachuaji, shilingi 18 kwa kila lita. Ukatozwa nani? Mwenye lori la kuchakachua? Mwenye kituo? Hapana. Yalitozwa mafuta taa yenyewe. Mantiki yake tuliielewa baadaye: mwizi anaiba kwa sababu kitu ni rahisi, kifanye kiwe ghali kwa kila mtu na mwizi atakosa hamu.

Ndivyo nyanya wa Nyatike, kule Migori, mwenye koroboi moja alivyoandikishwa kazi ya kupambana na uhalifu. Hakupewa sare wala mshahara. Analipia kazi hiyo yeye mwenyewe kila anaponunua mafuta ya chupa ya soda ili mjukuu amalize hesabu zake. Mashua nazo zikawa vituo vya polisi vinavyoelea.

Na dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi kupita kiasi. Septemba 2023, mlipotangaza zile bei ambazo Kenya nzima haitazisahau, dizeli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 200.99 kwa lita na mafuta taa shilingi 202.61. Someni tena polepole. Mafuta taa yalikuwa yamepita dizeli. Mwizi mwenye akili timamu mwezi ule angechakachua mafuta taa kwa kutia dizeli. Pengo lililokuwa likimvutia lilikuwa limezibwa, na hata hivyo zile shilingi 18 zikabaki, na bado zipo, zikilinda Hazina dhidi ya jambazi asiyekuwepo.

Nisieleweke vibaya. Hakuna mtu ufuoni anayeyapenda mafuta taa. Masizi yake yako kwenye mapafu yetu na kwenye paa za nyumba zetu. Ukijaza taa chomboni na wimbi likipiga, yanamwagika kwenye maji yale yale tunayochota ya kunywa. Mkituambia yaachwe, tunasema amina. Tatizo ni safari ya kuyaacha, maana kila tulikokimbilia tulimkuta mtoza ushuru amefika kabla yetu.

Tulianza mapema. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Kijerumani, Osram, ilifungua hapa Mbita kituo cha kuchaji taa kwa nguvu za jua, mvuvi anakodi taa iliyochajiwa jioni na kuirudisha asubuhi. Baadaye zikaja taa za betri za kila aina, na leo karabai nyingi zimestaafu. Jua, tukafikiri, halina mmiliki. Sheria ya Fedha ya 2020 ikatusahihisha: vifaa vya sola vikapigwa VAT ya asilimia 14. Hiyo ni miaka miwili tu baada ya mafuta taa kupandishwa. Mwaka 2021 wakasikia kilio wakaiondoa, na Julai hiyo hiyo, jua lilipoachiliwa, gesi ya kupikia ikakamatwa kwa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 gesi ikapunguziwa hadi 8, na mwaka 2023 ikasamehewa kabisa. Tulikuwa tunaanza kupiga makofi, ndipo tukasoma kwamba Sheria ya Fedha ile ile iliyoisamehe gesi imepandisha VAT ya petroli, dizeli na mafuta taa kutoka asilimia 8 hadi 16.

Mtu hawezi kununua jiko kwa utaratibu huo. Jiko ni kitu cha miaka. Sera yenu inadumu msimu mmoja wa omena.

Kwa hiyo wengi walifanya kile ambacho maskini hufanya bei zikicheza: walirudi msituni. Akina mama wanaobanika mbuta wanatumia kuni. Kule Kuria, tumbaku inakaushwa kwa kuni. Miti ya vilima vya Gwassi haina tarehe 14. Nao mkaa uliadimika Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Uamuzi mzuri, naukubali, ila ulikuja mwaka ule ule wa shilingi 18. Mwaka mmoja, milango miwili ikafungwa, na ufunguo wa mlango wa tatu, ule wa sola na gesi, ukawa bado unatafutiwa asilimia yake.

Mafuta taa yana tabia ya kuvutia: yakichomwa na nyanya yanaitwa umaskini, yakichomwa na serikali yanaitwa uthabiti wa gridi. Pale Muhoroni, kampuni ya umeme ya KenGen ilihamishia kutoka Embakasi mtambo wa umeme unaochoma mafuta taa ili kuipa nguvu gridi ya upande huu wa nchi, mojawapo ya mitambo yenye umeme ghali zaidi nchini. Gharama ya mafuta hayo inaonekana kwenye bili ya stima ya kila Mkenya, hata wa Lamu. Na sisi tuna maji! Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkoloni alijenga mtambo wa maporomoko ya Gogo kwenye Mto Kuja, megawati 2, ili awashe mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Mtambo ulibaki, na kwa miongo mingi megawati zake zikabaki mbili, huku mipango ya kuupanua ikipanuka.

Ziwa nalo limeanza kujibu. Mei 2020 maji yalipita kimo cha mwaka 1964, rekodi ambayo wazee walidhani haitavunjwa. Fuo nzima ziliingia majini, vibanda, vyoo, mabanda ya kuanikia omena. Mto Kuja ukafurika Nyatike, kama ulivyofanya kabla na baada ya hapo. Wataalamu wanasema hewa yenye joto hubeba mvua zaidi, na joto hilo linatokana na mafuta yaliyochomwa kwingineko, kwa wingi ambao karabai zetu zote haziwezi kufikia kwa miaka mia. Wakati huohuo jirani zetu wamekuwa wakilaza bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, karibu theluthi yake ndani ya bonde la ziwa hili hili, na mafuta yenyewe lazima yapashwe joto yasigande. Sisi Wakenya nasi tulisafirisha mapipa yetu ya kwanza ya Turkana Agosti 2019, mafuta ghafi ambayo hatungeweza kuyasafisha kwa kuwa kiwanda cha Changamwe kilisimama mwaka 2013. Tuliuza ghafi, tukanunua mafuta taa, tukayatia shilingi 18.

Najua mtajibu nini. Ushuru hutungwa na Bunge na Hazina. Ninyi mnajumlisha tu. Ni kweli. Lakini mtu anayejumlisha safu ile ile kila mwezi tangu 2018 amekwisha kuona jambo, na Sheria ya Nishati ya 2019 iliyowapa jina hili iliwapa pia kazi ya kulinda maslahi ya watumiaji. Nyanya wa Nyatike ni mtumiaji. Hajawahi kuona kikao chenu cha maoni ya umma, lakini ana maoni.

Ombi letu ni dogo. Iambieni Hazina kwa maandishi, na mtuonyeshe nakala, kwamba ushuru wa kuzuia uchakachuaji umemaliza kazi yake na uondolewe. Iambieni kwamba shilingi 25 za barabara zinazolipwa na mashua zirudi ziwani kama gati, maboya na mashua za uokoaji, maana watu wanazama kila mwaka kwenye barabara hii isiyo na mashimo. Na iambieni iache sola na gesi zikae bila VAT kwa muda wa kutosha mtu kununua, kulipa na kuizoea, hata kama ni miaka kumi. Hapo mafuta taa yatakufa yenyewe, na hatutayafanyia matanga.

Kwa niaba ya wavuvi wa Mbita, Karungu na Muhuru,

Mlipa ushuru wa reli,
Ufuoni, Mbita.