Singe Mezani: Mwongozo kwa Majenerali wa Ilemela

Katika vita vya mezani, risasi hazijawahi kuvunja urafiki wa mtu. Unapima umbali kwa tepu ya fundi cherehani, unarusha dadu, askari wa plastiki analazwa chali, zamu inapita. Balaa huanza pale kikosi kimoja kinapochomeka singe na kukimbilia kingine. Hapo ndipo majirani wa Kitangiri, hapa Ilemela jijini Mwanza, husikia kelele, wakatoka na marungu wakidhani mwizi kaingia.

Mwongozo huu unahusu dakika hizo tu. Vifaa ni vichache: meza, dadu za ludo, na wale askari wa kijani wanaouzwa kwa mfuko. Wagundishe juu ya vizibo vya soda wasije wakaanguka kila feni inapogeuka, maana vita vingi vimeamuliwa na feni. Mawe usinunue. Mtu wa Ilemela, penye mawe kila kona, anayetoa hela kununua mawe ya kupambia uwanja wa vita hafai kukabidhiwa hata kikosi cha watu watatu.

Kisha chagua dhehebu. La kale ni la H. G. Wells, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliyetoa kitabu cha Little Wars mwaka 1913. Kwake mapigano ya karibu hayana dadu, ni kutoa tu. Vikosi vikigusana, na vyote vina wenzao karibu, anakufa mtu kwa mtu: 11 wakiwavaa 9, wanakufa tisa huku na tisa kule, wanasalia wawili. Lakini kikosi kidogo kikiwa kimetengwa, ile ziada ya adui hugeuka kuwa mateka. Wawili wanatekwa, saba wanakufa kila upande, na wanne wanabaki hai wakiwachunga wale wawili. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba mtoto wa darasa la tatu anaweza kuamua kesi. Ubaya wake ni kwamba mtoto huyohuyo ataujua mwisho wa vita kabla hujavianza, akaenda zake kuogelea.

Dhehebu la kisasa lina dadu nyingi. Chukua mchezo wa Bolt Action, kwa toleo lake la kwanza la mwaka 2012. Anayeshambuliwa anaruhusiwa kufyatua risasi kwanza ikiwa adui ameanza mbio akiwa mbali zaidi ya inchi 6. Akitokea karibu zaidi ya hapo, amekubamba, bunduki haikusaidii. Halafu washambuliaji wanarusha dadu, moja kwa kila mtu, na askari wa kawaida hufa kwa nne kwenda juu. Waliosalia nao wanajibu. Aliyepoteza wengi zaidi ameshindwa, na kikosi chake chote kinaondolewa mezani, hata kama wamebaki watano wazima wenye afya. Wakilingana, wanarudia.

Sasa kuna kipengele kimoja ambacho waandishi wa Bolt Action, nadhani, hawakukiandika wakiwa wamekaa huku kwetu Pasiansi. Mshambuliaji hupiga kwanza, isipokuwa anayeshambuliwa akiwa nyuma ya kizuizi. Hapo wote hupiga kwa pamoja. Ukitengeneza meza inayofanana kweli na vilima vyetu, kila askari yuko nyuma ya jiwe. Aliye nyuma ya jiwe ana jiwe lingine mgongoni. Faida ya kushambulia imekufa, na mtasimama pale mkibishana kama kokoto ya ukubwa wa ndimu ni kizuizi ama ni mapambo. Jibu: kubalianeni kabla ya vita, mkiwa bado mnapendana.

Mkishindwa kukubaliana, tafuteni mwamuzi. Jeshi la Prussia lilitumia dadu katika mchezo wake wa vita tangu mwaka 1824, ilipotoka kanuni ya Reisswitz, mpaka mwaka 1876 ofisa wao Verdy du Vernois akazichoka kanuni na dadu zake, akashauri mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Kwetu huku mwamuzi wa namna hiyo hapatikani kwa shida. Kila kijiwe kina mzee mmoja ambaye hajawahi kuulizwa neno akasema halijui.

Ila hata mzee huyo mwonye. Madhehebu yote mawili, la kutoa na la dadu, yanahesabu maiti, wakati swali lenyewe la singe ni nani atakimbia. Watu wachache mno husimama kungoja chuma kiwafikie. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wa Jenerali Crewe walipokuja kuichukua Mwanza kwa meli, Wajerumani hawakuupigania mji nyumba kwa nyumba. Waliondoka kuelekea kusini, na tarehe 14 mji ukawa na bwana mwingine. Ukitaka kuyaiga hayo mezani kwa uaminifu, mwenzako apange askari wake vizuri, kisha awarudishe mfukoni.

Wasukuma wamejua bila dadu kwamba mtu hushindwa kabla hajaguswa. Kwenye mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, kama yale ya sikukuu ya Bulabo kule Bujora, vikundi hivyo viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta umati. Hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini aliyeshindwa unamjua hata ukiwa mbali.

Basi fanya hivi. Kabla ya dadu za kuua, kila upande urushe mbili za moyo. Ongeza moja kwa mwenye watu wengi, moja kwa aliye juu ya kilima, moja kwa mwenye wenzake nyuma. Tofauti ikifika tatu, mwenye jumla ndogo anakimbia inchi 12 na hakuna aliyekufa. Pungufu ya hapo, pigeni kama dhehebu lenu linavyoelekeza.

Mkirusha sita mbili pande zote, waleteni nyuki. Msicheke. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishuka na watu wapatao 8,000 dhidi ya kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani wakawauma wote bila kuuliza bendera. Baadaye ukaenea uvumi kwamba Wajerumani waliwatega kwa waya. Jenerali aliyeshindwa hakosi wa kumsingizia. Vikosi vyote vilivyo ndani ya inchi 6 vikimbie, cha mshindi kikiwamo.

Limebaki la ushindi wenyewe, ambalo vitabu vingi hulipita. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu, wakaiteka Bukoba, wakabomoa mtambo wa redio, kisha askari wakaingia mjini kupora. Katika msafara huo alikuwamo Luteni Frederick Selous, mwindaji maarufu, akiwa na miaka 63, kwa hiyo usikubali askari wako mzee apunguziwe dadu. Kikosi kilichoshinda kirushe moja: ikija moja au mbili, kimezama madukani, hakisikii amri kwa zamu mbili. Kanuni hii haiwahusu wachezaji, ingawa mwenye nyumba anashauriwa kuficha sambusa kabla dadu haijatua.