Nusu ya Jina

Mhariri alinipa hadi Ijumaa. Jumatano asubuhi nilikuwa na karatasi yenye jina langu juu, na vikombe vitatu vitupu vya chai pembeni yake. Nikajipa moyo kwamba hata Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na bado akaandika. Kisha nikakumbuka kwamba yeye majahazi yalimletea watu na visa vyao mpaka ofisini. Mimi kibarazani huletewa bili ya maji.

Nikapanda daladala, Buguruni kwenda Kariakoo. Wenzangu hutafuta mawazo ufukweni. Nauli yangu huishia Kariakoo.

Gari lilijaa. Nimesimama, shingo imepinda chini ya dari, na mbele yangu mama mmoja amejifunga khanga ya bluu yenye korosho nyeupe na pindo jeusi. Juu ya pindo, jina la khanga kwa herufi kubwa: NILIJUA MAPEMA... Basi. Lililobaki limemezwa na mkunjo.

Alijua nini? Kufika Ilala Boma nilikuwa nimeshatunga kichwani visa viwili: cha mume mwenye nyumba ndogo Tanga, na cha jirani aliyekopa sukari kilo mbili akahama usiku. Vyote vilikwama palepale kwenye mkunjo. (Zamani majina haya yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ningezaliwa enzi hizo ningeumbuka zaidi, maana herufi hizo nazisoma kwa kubabaika.) Nikainama kidogo. Dereva akakanyaga breki, nikainama sana.

"Baba, umedondosha kitu huko?"

"Nasoma, mama. Shikamoo."

Shikamoo ilichelewa. Hakuitikia. Gari zima liliangua kicheko, na konda akapaza sauti kutoka mlangoni: "Mzee, maktaba iko Bibi Titi!" Nikajieleza kwamba mimi ni mwandishi, natafuta wazo. Maelezo hayo, ukiyatoa huku umeinamia kiuno cha mtu, hayakusaidii kitu.

Mama akashuka Mtaa wa Uhuru. Nami nikashuka, nimwombe radhi, na kama Mungu angependa, nimuulize neno lililobaki. Alipogeuka akaniona nyuma yake, alijifunga upya kwa hasira, mkunjo ukala na MAPEMA. Ikabaki NILIJUA.

Mtaa huo una maduka ya khanga, nikaingia la kwanza. Nikamweleza muuzaji: bluu, korosho, pindo jeusi.

"Jina lake?"

"Ndilo ninalolitafuta."

Akanitandikia doti kumi na mbili za bluu, kisha akazikunja moja moja bila kunitazama.

Nyumbani habari ilitangulia kufika. Jirani yetu alikuwa kiti cha nyuma. Mke wangu hakusema neno. Aliingia chumbani, akatoka amebadilisha khanga. Ya kwake niliisoma yote, mwanzo hadi mwisho, tena nimesimama wima.

Leo Ijumaa, na insha inakwenda kwa mhariri ikiwa haina mwisho. Mwenye doti hiyo, nakuomba, ikunjue unisomee lililobaki. Kwa simu inatosha. Tafadhali usije nayo umeivaa.