Nzuri Tu, Ila...

Sisi tukikutana huulizana habari, na jibu lipo tayari kabla ya swali. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za usiku? Nzuri tu, ila mjomba amelazwa, upepo umeezua paa na mbuzi amekula cheti cha kuzaliwa. Habari yenyewe huanzia kwenye "ila". Anayesema "nzuri" akaishia hapo bado hajasema kitu.

Haya niliyajua tangu utotoni. Siku niliyopandishwa daraja niliyasahau.

Barua ilinifikia Ijumaa saa nne asubuhi, ofisi ya walimu. Niliisubiri kwa miaka mingapi, sisemi, nisije nikalia upya. Nikafungua kundi la ukoo la WhatsApp, kidole kinatetemeka, nikaandika: "Jamani, kuna habari. Nitawapigia jioni." Nilitaka kuwaonjesha kwanza, utamu waukute baadaye. Simu ilikuwa na chaji asilimia mbili. Nikaingia darasani kufundisha hesabu, nikatoka nikaikuta imezima, na umeme shuleni hakuna.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na katika ukoo wetu jambo ni moja tu.

Yaliyofuata nilikuja kusimuliwa. Shangazi wa Tandika alisoma ujumbe, akampigia baba mkubwa na kumuuliza, "Umekaa?" Sijawahi kusikia mtu akiulizwa kama amekaa ili aambiwe kuna harusi. Baba mkubwa akanipigia, sipatikani. Akampigia mama mdogo: "Hapatikani." Mama mdogo akampigia mjomba: "Hatunaye hewani." Mjomba sikio lake la kulia lilikwishastaafu. Alichosikia ni "hatunaye", akakata simu, akaenda kukodi turubai.

Saa kumi na moja jioni nashuka kwenye bodaboda Mbagala, nakuta uani kwetu pamefunikwa. Viti vya plastiki vimepangwa, wanaume wamekaa kimya wakichora mchanga kwa vidole vya miguu, wanawake wamejitanda kanga. Naishi peke yangu, lakini moyo ulinilipuka. Nani amefia kwangu? Machozi yakaanza kunitoka. Nikajiunga na waombolezaji, nikakaa kwenye kiti cha nyuma, nikamuuliza jirani kwa sauti ya chini, "Marehemu ni nani?"

Akanigeukia, akaona aliyemuuliza, akaruka na kiti chake.

Shangazi alipiga ukunga akaanguka, watu wakamdaka kwa ustadi wa waliozoea. Baba mkubwa akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe uko hai," alisema, na sauti yake ilikuwa na lawama ndani yake.

Nikasimama nikaeleza: nimepandishwa daraja. Kimya. Mtu akakohoa. "Basi hilo tu?" akauliza mama mdogo, mwiko mkononi, maana alikuwa ameshainjika sufuria la wali wa watu sitini.

Hapo ndipo nilipoona tulivyo. Habari mbaya ikija, kila mtu kwetu ana kazi yake: yupo wa turubai, yupo wa daftari la michango, yupo anayejua duka la sanda linalofunguliwa alfajiri. Habari njema haina kamati. Watu wale wale waliosimamisha msiba mzima kwa saa tano walikaa wakinitazama, hawajui mikono waiweke wapi.

Wasomi walishaliona jambo hili. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza kitu huzidi raha ya kupata kitu kama hicho. Wangemjua jirani yangu, yule aliyeruka na kiti, wangemaliza kazi mapema. Ni Simba damu. Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, na kwa miaka kumi na moja akatembea kifua mbele. Novemba 2023 Yanga ikalipiza, 5-1, na dakika tisini zikaifuta miaka yote ile. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimemfafanulia zaidi ya mara moja: jumlisha mechi hizo mbili, Simba ina sita, Yanga ina tano, bado mnaongoza. Hunijibu, "Mwalimu, usinichokoze."

Likabaki suala la daftari. Zilikuwa zimechangwa shilingi 214,500. Nikashauri zirudishwe kwa wenyewe. Shangazi, aliyekwisha kuzinduka, akakataa katakata: rambirambi hairudishwi, ni mkosi. Baada ya mjadala mrefu ikaamuliwa mweka hazina azitunze "mpaka zitakapohitajika", na kila mtu akanitupia jicho.

Wali ukaliwa, na ulikuwa mtamu. Ndipo furaha ilipoanza kuwaingia taratibu. Mjomba akasogeza kiti, akanielekezea sikio lake zima: "Hilo daraja jipya, linaongeza kama kiasi gani kwa mwezi?" Kabla ya isha nilikuwa nimepigwa mizinga mitatu. Wa kwanza ulitoka kwa shangazi, ambaye saa mbili nyuma alizimia kwa ajili yangu.

Umeme uliporudi nikawasha simu. Ikaita hapo hapo. Mama, anapiga akiwa ndani ya basi kutoka Tanga, kwa nyuma nasikia abiria wenzake wakimwambia ajikaze.

"Mwanangu! Habari?"

"Nzuri, mama."

"Ila?"

"Hakuna ila, mama. Nzuri kweli. Nimepandishwa daraja."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwa upole, "Haya, baba. Sasa mpe simu shangazi yako aniambie ukweli."