Sifa za Kompyuta ya GB 4

Miongoni mwa vifaa vyote vinavyoingia ofisini kwa hati ya ununuzi, hakuna kinachotukanwa sana na kushukuriwa kidogo kama kompyuta mpakato ya bei ya chini kuliko zote, yaani ile yenye RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 au diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani, prosesa ya tabaka la mwisho na skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Wanaoitumia huilaani tangu saa mbili asubuhi, mafundi huicheka, na hata ofisa aliyeinunua hukaa kimya inapotajwa kikaoni. Dhuluma hii imedumu kwa sababu watetezi wa kompyuta hiyo ni wauzaji peke yao, watu ambao ushahidi wao haupokewi bila mashaka. Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi kwa ufasaha uleule ambao wenzake waliwasifia wafalme; kompyuta hii, ambayo angalau huandika barua, haiwezi kukosa msemaji.

Ubora wake wa kwanza huonekana kabla haijawashwa, kwenye makaratasi ya zabuni. Pale ambapo maelezo ya kiufundi yameandikwa kwa mstari mmoja tu, kwamba zinahitajika kompyuta mpakato mpya 20 pamoja na mabegi yake, mzabuni wa bei ya chini huileta hii na hakuna kifungu chochote kinachovunjwa. Mhasibu huridhika kwa kuwa bajeti imebaki, mkaguzi huridhika kwa kuwa bei ndogo imeshinda, muuzaji huridhika kwa kuwa mzigo uliokaa ghalani umetoka, na kwa vile mtumishi atakayeifanyia kazi kwa miaka mitano hakuwa mjumbe wa kamati, uamuzi hupita bila kura ya kuupinga. Ni nadra kifaa kuleta maelewano ya namna hii katika taasisi ambayo haijawahi kukubaliana hata kuhusu saa ya chai.

Kiini cha utukufu wake, hata hivyo, ni ile RAM. RAM ni kumbukumbu ya muda, mahali ambapo prosesa huweka kila kitu inachokishughulikia kwa wakati huo, na ambapo vyote hufutika kompyuta inapozimwa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilitangazwa na watengenezaji wake kuwa inahitaji angalau GB 4, na katika neno hilo la angalau ndimo heshima ya kompyuta hii ilimojengwa, kwa kuwa imetimiza sharti kikamilifu bila ubadhirifu wa kuongeza hata chembe. Mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziendesha nyingine zote, hukalia sehemu kubwa ya hizo GB 4 kabla mtumishi hajafungua chochote. Kitengo cha picha, ambacho hakina kumbukumbu yake chenyewe, hukopa humohumo. Programu ya kuzuia virusi huchukua fungu lake. Na kinachosalia hugawiwa Excel, barua pepe, mkutano wa video na kivinjari. Kivinjari nacho si mgeni wa kula kidogo, kwani Chrome, tangu ilipotolewa mwaka 2008, imejengwa ili kurasa zilizofunguliwa ziendeshwe kwa michakato iliyotengana, mmoja ukianguka usiziangushe nyingine, na usalama huo hulipiwa kwa kumbukumbu.

RAM inapojaa, mfumo endeshi hauikatai kazi. Hukihamishia diskini kile kisichotumika kwa dakika hiyo, kisha hukirudisha kinapohitajika, na kukihamisha kingine ili kupata nafasi, na hapa ndipo maumbile ya chuma yanapostahili kutazamwa kwa utulivu. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, yaani mafungu mia moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika husubiri kwa wastani zaidi ya milisekunde 5 ili data ipite chini ya kichwa cha kusomea, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea, na kwa jumla hutumia milisekunde 10 au zaidi. Tofauti ni mara laki moja. Safari ambazo RAM ingezimaliza kwa sekunde moja, diski hiyo, ikiendea moja moja, ingezimaliza kwa muda wa saa 28 hivi, na kama haichukui muda huo kila siku ni kwa sababu wahandisi wamebuni hila nyingi za kuisaidia, hila ambazo wapenda subira hawakuziomba.

Anayetaka kuiona fadhila hii kwa karibu na amtazame karani wa mishahara mwisho wa mwezi. Anabofya seli moja ya jedwali. Dirisha linapauka, na juu yake yanatokea maneno ya kuarifu kwamba programu haijibu. Kiduara cha buluu kinaanza kuzunguka. Taa ndogo ya diski ubavuni inapepesa bila kupumzika, na feni inapandisha sauti. Mkono wa karani, uliokwisha kufundishika, unaachia mausi mara moja, kwa sababu mibofyo ya ziada hupangwa foleni na kompyuta itakapozinduka huitekeleza yote kwa mkupuo, ikafuta safu ambayo hakuna aliyekusudia kuifuta. Wakati huo mtupu haupotei. Ndio wakati wa kuulizana habari za nyumbani, kuchangisha fedha za msiba, kupanga kamati ya harusi na kukumbushana madeni, mambo ambayo ofisi zenye kompyuta nyepesi huyafanya kwa wizi wakati wa kazi, ilhali ofisi hii huyafanya kwa uhalali wote. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na tangu waseme hivyo hawajapata kifaa kilichowatii kwa kiwango hiki.

Wapinzani hudai kwamba GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kazi za kawaida za ofisi, kwamba GB 16 ndicho cha busara kwa anayetaka kompyuta imalize miaka mitano, na kwamba diski ya kuzunguka haifai kubeba mfumo endeshi sasa ambapo kuna SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na sehemu yoyote inayosogea. Huongeza kuwa diski ya kuzunguka husoma kwa kiasi cha MB 100 kwa sekunde, SSD inayotumia njia ya SATA hukaribia MB 550, na SSD nyingi za aina ya NVMe, ambazo huongea na prosesa kwa njia pana zaidi, huvuka MB 3,000. Yote ni kweli, ingawa hata wao mara nyingi hukosa hoja yenye nguvu zaidi, kwamba faida kubwa haiko katika kusoma faili moja refu kwa kasi, bali katika kufutika kwa ule muda wa kungojea kichwa kisogee na sahani izunguke. Ndiyo maana mashine kuukuu iliyobadilishiwa diski tu humshangaza mwenyewe kuliko iliyobadilishiwa kitu kingine chochote.

Dhidi ya jaribu hilo la kubadilisha, kompyuta inayosifiwa hapa imejiwekea kinga. Katika nyingi za aina hii hifadhi ni eMMC, chipu ya ukoo mmoja na zilizomo katika simu za bei nafuu, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi, na RAM nayo imechomelewa vivyo hivyo. Mwenye nayo hatakosa usingizi akiwaza kuongeza kitu mwakani, kwa kuwa hakuna pa kukiongezea. Mteja wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi anayeuliza swali fupi, kama RAM inaongezeka au haiongezeki, anaonyesha ukosefu wa imani, na kwa bahati mbaya anauliza pia swali lenye akili kuliko yote yanayoulizwa dukani siku hiyo. Hizo GB 64 nazo zikifika ndani ya Windows husomeka kuwa 59 na ushei, kwa sababu mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja wakati Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Mfumo wenyewe ukishakaa humo pamoja na Excel na nyaraka za mwaka mmoja, masasisho makubwa hukosa mahali pa kujifungulia, na kompyuta hubaki ilivyozaliwa, kielelezo cha msimamo katika ulimwengu unaobadilika hovyo.

Kuhusu prosesa, ambayo ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote, sifa inabidi zigawanywe kati ya ndugu wawili. Wa kwanza ni Celeron, jina lililoanzishwa na Intel mwaka 1998 kwa ajili ya mashine za bei ya chini. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuliondoa katika kompyuta mpakato kuanzia mwaka uliofuata na kuweka mahali pake jina la kawaida tu, Intel Processor, hivyo mnunuzi asiyeliona tena jina la kale asidhani kuwa tabia nayo imestaafu. Wa pili ni stika ya i7. Uzuri wa stika hii ni kwamba haiambatani na tarehe. Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili, yaani wafanyakazi wawili wa hesabu ndani ya chipu moja, ilhali Core i3-1215U ya mwaka 2022, ambayo mnunuzi huipita kwa dharau kwa kuwa tatu ni ndogo kuliko saba, ina viini sita. Kinachotofautisha ni kizazi, nacho husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari: hiyo ya kwanza ni ya kizazi cha 7, ya pili ni ya kizazi cha 12. Windows 11, isipokuwa kwa chipu chache, haikukubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mwenye i7 ya kizazi cha 7 amebaki na stika, na stika za Intel, ni haki kukiri, hazibanduki kirahisi.

Skrini ya pikseli 1366 kwa 768 haihitaji maneno mengi. Ina nukta zaidi kidogo ya milioni moja, nusu ya zile za skrini ya 1920 kwa 1080, na humlazimu mtunza hesabu kukariri safu asizoziona, zoezi linalodumisha akili hadi uzeeni.

Betri inadai heshima zaidi. Uwezo wake hupimwa kwa wati-saa, na betri ya wati-saa 40 katika mashine inayokula wati 10 hudumu saa nne ikiwa mpya, kisha hupungua kadiri inavyochajiwa mwaka hadi mwaka. Ikichoka kabisa, huigeuza kompyuta mpakato kuwa ya mezani bila gharama ya ziada, humfunga mtumishi karibu na soketi ambako bosi atampata, na umeme unapokatika humpumzisha papo hapo pamoja na waraka aliokuwa bado hajauhifadhi. Inasikitisha kwamba Windows yenyewe hutoa siri hii nje: amri ya powercfg /batteryreport huandaa taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki, na mnunuzi wa mashine iliyotumika anaweza kuiomba akiwa bado amesimama mbele ya kaunta.

Na hapo kwenye zilizotumika ndipo anapoishi adui halisi wa kompyuta hii. Mashine ya bei kubwa haiwezi kuidhuru, kwa kuwa haifiki mezani pa mnunuzi yuleyule. Anayeidhuru ni kompyuta mpakato ya kikazi, ThinkPad, Latitude au EliteBook, iliyofanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya, ikaingia Nairobi kwa jina la ex-UK au ikafika Dar es Salaam kupitia Dubai, ikiwa na Core i5 ya kizazi cha 8 yenye viini vinne, RAM ya GB 8 ambayo mara nyingi huongezeka, na SSD inayotoka kwa kufungua skrubu chache. Ina michubuko kwenye kona, herufi kadhaa za kibodi zimefifia, na betri pengine ni ya kubadilishwa. Lakini ikiwekwa kando ya mpya ya GB 4 yenye bei inayokaribiana nayo, hufungua jedwali la mishahara kabla mwenzake hajamaliza kuonyesha nembo ya mtengenezaji. Kanuni za taasisi nyingi zinazodai vifaa vipya pekee zimeilinda kompyuta yetu dhidi ya ushindani huu, na ulinzi huo unafaa kuhesabiwa miongoni mwa sifa zake.

Ofisi isiyotaka baraka zote hizi haina budi kuzikataa ndani ya zabuni yenyewe, kwa maneno ambayo mzabuni hawezi kuyapinda: RAM ya GB 16, au ya GB 8 yenye nafasi ya kuongezea; SSD ya NVMe ya GB 512, au 256 kwa ofisi inayohifadhi nyaraka zake kwenye seva; prosesa iliyotajwa kwa kizazi na idadi ya viini badala ya herufi na stika; skrini ya 1920 kwa 1080; betri ya wati-saa 50 inayoweza kubadilishwa na fundi. Aya hiyo haijazi hata nusu ya ukurasa. Ofisi isiyoiandika italetewa kompyuta iliyosifiwa hapa, mpya kabisa, ndani ya boksi lake, pamoja na begi na mausi bila malipo ya ziada.