Kilomita 1210 Kabla ya Chai

Jana asubuhi, mbele ya wakimbiaji wa kambi waliokuwa wakitoa mvuke kwenye baridi ya Kaptagat, kocha aliinamia kompyuta yangu na kusoma jumla ya mazoezi ya siku: kilomita 1210. Akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akawageukia vijana: "Hongereni. Na hata chai hamjanywa."

Mmoja alicheka hadi akaketi kwenye murram. Eliud Kipchoge, aliyejinoa huku huku Kaptagat, alimaliza kilomita 42.195 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ikashangilia. Vijana hawa wamepita marathoni 28 kabla jua halijakolea, na hakuna aliyewanunulia hata soda.

Sasa sikiliza uhondo wenyewe. Python, lugha ya kompyuta niliyoandikia programu ya jumla hiyo, ina funksheni iitwayo input: mtu anaandika, nayo inakurudishia alichoandika. Kocha aliandika 12 za alfajiri, kisha 10 za baadaye. Zikarudi 12 na 10, lakini kama maandishi, si namba. Ukiweka alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili, Python haibishi. Inayabandika ubavu kwa ubavu. 1210! Laiti moja lingekuwa namba, ingepiga kelele ya TypeError na kusimamisha kila kitu. Yaani ukikosea nusu unakemewa, ukikosea kabisa unapewa jibu kwa heshima zote. Zamani, katika Python 2, input ilikitekeleza ulichoandika kana kwamba ni amri: 12 ilirudi namba safi, ila mhuni naye angeweza kuandika amri ya kufuta mafaili. Python 3 ikatoka mwaka 2008 na kuufunga mlango huo. Tangu hapo hurudi maandishi matupu. Dawa ni kuyapitisha kwenye int, inayoyageuza namba, kabla ya kujumlisha.

Mchana int ikagoma kusoma 12.5, nikaweka float, inayokubali desimali.

Jioni funksheni yangu ya kukokotoa kasi ikarudisha None, yaani si kitu, kwa kukosa neno return.

Kicheko nimekisamehe. Kinachoniuma ni kwamba fundi wa pikipiki akikaza cheni hulipwa kabla hajanawa mikono, lakini mimi nikitaja pesa naambiwa, "Si ulibonyeza tu?" Usiku kucha nabonyeza, stima ikipotea nangoja gizani, na bado hiyo si kazi ila mchezo. Programu ikipatia, ni ya kambi. Ikikosea, ni ya "yule kijana wa kompyuta".

Jumla sasa inasoma 22.0. Wenye kambi, nilipeni.